PlayStation 5: mashine niliyoinunua kabla ya kuifikiria

Mapema mwaka 2024 niliingia katika duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo nikiwa na fedha nilizozidunduliza kwa miezi kumi na mmoja, na muuzaji, kijana mstaarabu anayeijua kazi yake, akaniwekea juu ya meza mashine mbili za gemu. Ya kwanza ilikuwa PlayStation 5 ya Sony, ya umbo jembamba, yenye sehemu ya kuingizia diski. Ya pili ilikuwa Xbox Series S ya Microsoft, ndogo, nyeupe, yenye duara jeusi ubavuni, na bei yake ilikuwa chini kwa laki kadhaa. "Kaka, hii nayo iko vizuri, gemu zote kubwa inacheza," aliniambia huku akiipapasa ile ndogo. Nilimshukuru, nikalipia ile kubwa, nikatoka kutafuta bajaji. Nilikuwa nimefika Magomeni ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimemuuliza hata swali moja kuhusu ile mashine ya pili. Sikuuliza uwezo wake, sikuuliza dhamana yake, wala sikuuliza kwa nini bei yake iwe nafuu kiasi kile.

Kwa kawaida mimi ni mtu wa kulinganisha bei, na hata feni ya mezani hunizungusha maduka matatu kabla sijatoa fedha mfukoni. Kwa hiyo jambo hili lilinikera. Tathmini ambayo ningeweza kuiandika wiki ile ya kwanza, kwa kusifia picha na kasi kama wafanyavyo wengi, nimeichelewesha kwa karibu miaka miwili ili nijue kwanza ni nini hasa kilichonilipisha fedha zile zote bila kuuliza.

Mazoea yangu yalianzia Morogoro, katika banda la mbao na mabati lililokuwa na televisheni tatu za chogo na PlayStation 2 tatu zilizofungwa kwa minyororo myembamba ili zisitembee. Mwenye banda tulimwita Anko, na Anko hakuwahi kutuuliza tunapenda mashine ya kampuni gani. Alikuwa na PS2 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, ndiyo ambayo fundi wa jirani alijua kuifungua na kuiwekea chipu ili isome diski za kuchoma, na ndiyo ambayo vipuri vyake, kuanzia pedi mpaka lenzi, vilipatikana bila kuagiza mbali. Tulilipa kwa mechi, mshindi akabaki na pedi, aliyefungwa akarudi kwenye benchi kusubiri zamu yake, na aliyepigwa kono la nyani, yaani mabao matano, alipita wiki nzima akikumbushwa hilo njiani kwenda shule.

Sony ilianza kuiuza PS2 nchini Japani Machi 2000 na ikaendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa mwaka 2013. Idadi iliyouzwa ilipita milioni 155, na kwa miaka mingi hakuna mashine nyingine ya gemu ya kuunganishwa kwenye televisheni iliyoifikia. Takwimu hiyo hutajwa kama ushahidi wa mapenzi ya watu kwa chapa, lakini mimi naiona zaidi kama habari ya upatikanaji: mashine iliyotengenezwa kwa muda mrefu hivyo huacha nyuma yake mitumba mingi, vipuri vingi na mafundi wengi, na hayo matatu ndiyo yaliyojaza mabanda yetu. Hata mwaka 2013, mwaka ambao PlayStation 4 iliingia sokoni, gemu za soka za FIFA 14 na PES 2014 (Pro Evolution Soccer) bado zilitolewa kwa ajili ya PS2. Anko alichagulia mtaa mzima, fundi alimchagulia Anko, na mitumba ilimchagulia fundi. Katika mnyororo huo wote hakuna aliyekaa chini akalinganisha PS2 na Xbox ya kwanza ya mwaka 2001 au GameCube ya Nintendo. Mimi Xbox niliiona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni.

Nyumbani nako iliingia kwa mlango wa nyuma. PS2 ilicheza filamu za DVD, kwa hiyo mtoto mwenye ulimi mzuri aliweza kumwambia baba yake kwamba anachoomba ni deki, na kwamba gemu ni nyongeza tu. Hila hiyo ilimfaulu rafiki yangu mmoja, ingawa kwa siku chache, kwa sababu deki hiyo mpya ilikataa katakata kusoma VCD, na sehemu kubwa ya filamu zilizokuwa kabatini kwao zilikuwa VCD. Baba mtu alinuna mwezi mzima. Mashine, hata hivyo, ilibaki.

Nilipojichunguza niliona kwamba sehemu kubwa ya uaminifu wangu imo vidoleni. Vile vitufe vinne vya pembetatu, duara, msalaba na mraba vilibuniwa na Teiyu Goto wa Sony kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, na mbunifu huyo amepata kueleza kwamba duara kwake ni ndiyo, msalaba ni hapana, pembetatu ni upande anaotazama mchezaji na mraba ni karatasi. Sisi maana hizo hatukuzijua. Kwetu msalaba, tuliouita eksi, ulikuwa pasi fupi, mraba ulikuwa shuti, duara lilikuwa krosi, na pembetatu ilikuwa pasi ya kupenyeza, kwa kuwa hivyo ndivyo kampuni ya Konami ilivyovipanga katika gemu zake za soka, Winning Eleven na Pro Evolution Soccer. Mtu aliyecheza mamia ya mechi na mshambuliaji Adriano wa PES 6, ambaye nguvu yake ya shuti ilikuwa 99 na ambaye bandani kwetu ilibidi mpatane kwanza kama anaruhusiwa au la, haulizi tena mraba uko wapi. Kidole kinakwenda chenyewe kabla macho hayajaona nafasi.

Sasa mpe mtu huyo pedi ya Xbox. Herufi X ipo, ila imekaa kushoto, mahali pa mraba, na mahali pa msalaba pana A. Mpe ya Nintendo, ataikuta X imepanda juu, mahali pa pembetatu. Herufi moja, makao matatu. Akiitafuta eksi yake ya pasi kwenye pedi ya Xbox, kidole kinaifuata herufi hadi kushoto, na pasi aliyoikusudia kwa kiungo inageuka shuti la kutokea katikati ya uwanja. Mashine haina kosa lolote. Lakini yule aliyekuwa bingwa wa mtaa amegeuka mwanagenzi mbele ya watu, na kwa kijana wa miaka kumi na sita hakuna gharama ya kuhama chapa inayoishinda hiyo. Atatafuta sababu nyingine za kusema Xbox ni mbaya, atazungumzia uzito wa pedi na betri zake, na huenda akaziamini yeye mwenyewe, lakini asili ya neno ni ile pasi iliyokosewa.

Nguvu ya vidole ninaipima kwa jambo moja ninaloliona kila wiki. FIFA ya kampuni ya EA iliweka shuti kwenye duara na krosi kwenye mraba, kinyume cha PES. FIFA ilipoanza kuipiku PES mitaani, wengi wetu tulihama, tena bila huzuni kubwa, kwa sababu timu zilikuwa na majina na jezi zao za kweli. Hata hivyo, kabla ya mechi ya kwanza tuliingia kwenye mipangilio tukachagua mpangilio mbadala unaolirudisha shuti kwenye mraba. Leo gemu hiyo inaitwa EA Sports FC, baada ya jina la FIFA kuachwa mwaka 2023, na mpangilio huo mbadala bado umo. Tulibadili gemu, tukabadili mashine kutoka PS2 hadi PS3 na PS4, lakini mraba umebaki shuti. Na hapa ndipo nilipoanza kutilia shaka hadithi ya kwamba tunaipenda Sony, kwa sababu karibu kila tulichokipenda bandani, kuanzia PES na FIFA mpaka Grand Theft Auto: San Andreas, hakikutengenezwa na Sony na kilipatikana pia katika mashine za wengine.

Kuna watu wanaoufananisha ubishi wa PlayStation na Xbox na ule wa Simba na Yanga. Ubishi unafanana kwa kelele, ila shabiki wa Yanga hakuinunua Yanga. Mwenye mashine ya gemu ametoa fedha zake, mara nyingi fedha zilizopingwa na watu wa nyumbani, na kila anapoitetea chapa mbele ya wenzake anatetea pia uamuzi wake mbele ya mama yake au mke wake. Ndiyo maana anayebishana kwa ukali zaidi mara nyingi ni yule aliyenunua jana. Ushahidi mwingine wa hili ulionekana kwa watu wa upande wa pili: Xbox 360 ya mwaka 2005 ilikuwa na tatizo la kuharibika lililojulikana kwa taa tatu nyekundu, tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja na kurefusha dhamana hadi miaka mitatu. Ungedhani wateja wangekimbia. Wengi walipeleka mashine zao zikatengenezwa, wakarudi kuwatafuta marafiki zao mtandaoni, kwa sababu marafiki hao wote walikuwa upande uleule.

Diski ni habari nyingine, na kwa mazingira yetu pengine ndiyo habari kubwa. Juni 2013, kuelekea kutoka kwa Xbox One, Microsoft ilieleza kwamba mashine hiyo ingelazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila baada ya saa 24, na kwamba kungekuwa na masharti juu ya kuazimana na kuuziana diski zilizotumika. Sony ikapanda jukwaani katika maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles, ikatangaza kwamba PS4 haitakuwa na masharti hayo na kwamba itauzwa dola 399, wakati Xbox One ilikuwa dola 499, kisha ikatoa video fupi kabisa ya kufundisha namna ya kumwazima mwenzako gemu: mtu mmoja anamkabidhi mwingine diski, imekwisha. Siku chache baadaye Microsoft iliyafuta masharti hayo, lakini maneno yalikuwa yameshasambaa. Kwa Mmarekani mwenye intaneti ya waya nyumbani lile lilikuwa suala la kanuni. Kwa mtu wa Morogoro anayenunua bando la wiki, sharti la saa 24 lilimaanisha kwamba mashine ingegeuka pambo la kabati kila bando linapokwisha.

PS4 ilipofika kwetu ilikuta soko la diski linasubiri. Unanunua gemu, unaimaliza, unampelekea mwenye duka au jirani, unaongeza elfu kumi au ishirini, unatoka na nyingine. Mtu mwenye diski tatu katika mtaa wenye PS4 nane ana gemu ishirini na zaidi. Mtaa huohuo ukiwa na Xbox moja, mwenye Xbox hiyo ana diski zake tatu basi. Hakuna anayehitaji tangazo la biashara ili aelewe anunue nini, na kila anayenunua sawa na wenzake anaifanya hesabu ya mnunuzi anayefuata kuwa rahisi zaidi. Hilo ndilo jibu la swali ambalo sikumuuliza yule muuzaji wa Kariakoo: Series S haina mahali pa kuingizia diski, na mimi nilikuwa na diski kumi na moja za PS4 sandukuni ambazo PS5 ingezicheza siku ileile. Nilijua hilo bila kujua kwamba ninalijua.

Nikubali pia kwamba mapenzi haya yana upande mmoja. Nilipofungua akaunti ya PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony, orodha ya nchi haikuwa na Tanzania, wala Kenya, wala Uganda, na katika eneo lote la kusini mwa Sahara niliiona Afrika Kusini peke yake. Anayetaka kununua kitu katika duka la mtandaoni la Sony hujiandikisha kana kwamba anaishi Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, kisha hutafuta vocha ya nchi hiyo, na nchi ya akaunti ikishachaguliwa haibadilishwi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliwahi kuniuzia vocha ya Marekani ilhali akaunti yangu ni ya Uingereza, na fedha haikurudi mpaka leo. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walazimike kuwa na akaunti ya PSN, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi nyingi ambazo hazimo kwenye orodha, na ingawa sharti lenyewe lilifutwa baada ya malalamiko, wengi tulipata kuiona kwa uwazi ramani ya kampuni jinsi ilivyo. Sisi hatumo, na bado tunagombana mtaani kwa ajili yake.

Akaunti hiyo ndiyo kamba mpya. Zama za PS2 kamba ilikuwa nyembamba, kwa kuwa kumbukumbu zako zote ziliingia katika kadi ya MB 8 iliyotoshea mfuko wa shati. Mashine ilipopitwa na wakati, kila mtu alianza upya, na ndipo chapa zilipoweza kupinduana. Wii ya Nintendo iliuzwa zaidi ya milioni 100, mrithi wake Wii U akaishia milioni 13 na ushei. PS3 nayo ilianza kwa kuyumba mwaka 2006, baada ya Sony kuipangia bei ya dola 499 na 599 kwa wateja ambao wengi wao walikuwa wameridhika na PS2. Uaminifu wa namna hiyo ulikuwa wa kipindi tu, na kampuni iliyoudharau ilipoteza. Lakini tangu PS4 na Xbox One, gemu zilizonunuliwa mtandaoni hubaki katika akaunti na kuvuka na mwenyewe hadi mashine inayofuata. Phil Spencer, akiwa mkuu wa Xbox, alisema mwaka 2023 kwamba Microsoft ilishindwa katika kizazi kibaya kuliko vyote vya kushindwa, kwa sababu ndicho kizazi ambacho watu walijijengea maktaba zao za gemu za mtandaoni. Ni maneno ya mfanyabiashara, na nadhani yanaeleza uaminifu wa leo kuliko hoja yoyote ya mashabiki.

Sasa mashine yenyewe. PS5 ni nzuri, na hilo halihitaji maneno mengi. Gemu ambayo kwenye PS4 ilinipa muda wa kwenda kuchota maji hufunguka kabla sijakaa sawa kwenye kochi, na ukimya wa feni yake ni neema kwa mtu ambaye PS4 yake ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga. Pedi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mtetemo wake una tofauti ndogondogo, kiasi kwamba katika Astro's Playroom, gemu inayokuja bure ndani ya kila PS5, kiganja kinatambua kama unatembea juu ya mchanga au juu ya chuma, na vitufe vya nyuma hukaza kidole pale ambapo breki ya gari katika Gran Turismo 7 inapotakiwa kukaza. Kwa soka, tofauti hiyo ni ndogo, na anayenunua mashine hii kwa ajili ya soka pekee anapaswa kulijua jambo hilo mapema.

Kuna mambo ambayo mnunuzi wa huku kwetu hatayaona katika tathmini za Ulaya. Umbo hili jembamba lina sehemu ya diski inayochomoka, na ili mashine iitambue sehemu hiyo kwa mara ya kwanza ni lazima intaneti iwepo, kwa hiyo uwe na bando siku ya kuifungua. Diski za gemu hazina mipaka ya nchi. Ya Dubai, ya Uingereza na ya Japani zote zinacheza, isipokuwa nyongeza za kununua mtandaoni hutaka akaunti ya eneo lilelile la diski. Hifadhi ni TB 1 kwa jina, lakini sehemu unayobaki nayo kwa gemu ni pungufu ya hapo, na gemu kubwa za siku hizi hupita GB 100 moja moja. Unaweza kuhifadhi gemu za PS5 kwenye diski ya nje ya USB, ila huwezi kuzicheza kutoka huko, tofauti na gemu za PS4. Pedi za PS4 hazikubaliwi katika gemu za PS5, jambo linalomuumiza mwenye banda aliyekuwa na pedi kumi. Anayeishi kwa soka anaweza kuikwepa gharama hiyo kwa kuweka diski ya PS4 ya EA Sports FC, ambayo itafanya kazi na pedi za zamani bila manung'uniko. Kisimamio cha kuiweka wima kinauzwa peke yake, na naona ni ubahili usio na udhuru kwa kitu cha bei hii.

Umeme nao una neno. Katika mchezo mzito mashine inakula takribani wati 200, na pamoja na televisheni kubwa hiyo ni hesabu ambayo mita ya LUKU itakukumbusha. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa ni afadhali kuizima kabisa kuliko kuiacha katika hali ya kupumzika, kwa sababu ukatikaji wa ghafla huilazimisha kukagua hifadhi yake inapowaka tena. Nimeizoea hali hiyo kama nilivyozoea kuchomoa friji.

Lalamiko langu kubwa ni bei, na si bei ya siku niliyonunua. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000 na kufikia dola 99 mwaka 2009, na kushuka huko ndiko kulikoifikisha hatimaye kwa akina Anko. PS5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, ikapandishwa katika masoko mengi mwaka 2022, kisha Agosti 2025 ikapandishwa na Marekani kwenyewe kwa dola 50. Mashine inayozeeka huku ikipanda bei ni kitu kigeni kwetu tuliozoea kusubiri, na kampuni inaweza kufanya hivyo kwa sababu inajua diski zetu, akaunti zetu na vidole vyetu viko wapi. Wakati huohuo sababu ya gemu zisizopatikana kwingine inazidi kuwa nyepesi: God of War ya Sony imekwenda kwenye kompyuta, na Forza Horizon 5 ya Microsoft imeingia PS5 Aprili 2025. Aliyebishana kwa miaka kumi juu ya gemu hizo mbili amebaki bila hoja.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea uko wapi. Ukiwa na diski za PS4, au ukiishi mahali ambapo wenzako wanazo, nunua PS5 yenye sehemu ya diski na usirubuniwe na isiyo nayo kwa unafuu wa awali, kwa sababu utanyimwa soko lote la kubadilishana na utabaki mikononi mwa wauza vocha. PS5 Pro ya Novemba 2024 siioni kama ya kwetu, kwani ilitoka kwa dola 699 bila sehemu ya diski. Ukiwa huna historia yoyote na una intaneti ya kudumu nyumbani, ile Xbox Series S ambayo mimi sikuitazama inastahili kutazamwa, hasa kwa huduma yake ya kulipia gemu nyingi kwa mwezi, ingawa nayo utaifungulia akaunti ya nchi nyingine. Nimeicheza baadaye kwa rafiki yangu wa Kijitonyama. Ni mashine nzuri, na ilinifunga mabao manne kabla sijajua A iko wapi.

Disemba iliyopita mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alikuja likizo. Amekulia kwenye gemu za simu, na soka ya televisheni amejifunzia kwa majirani zao, ambako hakuna aliyewahi kugusa mipangilio. Aliniamkia, akaweka begi chini, akauliza kama EA FC ipo. Katika dakika ya tatu mshambuliaji wake alibaki yeye na kipa, akabonyeza duara, na mpira ukaelea taratibu juu ya lango hadi kwa watazamaji.

"Mjomba, pedi yako hii mbovu?"

Nilimwambia shuti liko kwenye mraba. Alinitazama, akautazama mraba, akaniuliza kwa nini. Nilifikiria kumweleza habari za Konami, za Adriano na za banda la Anko, kisha nikaona mechi inaendelea na nimekwishamnyang'anya mpira, nikamwambia atazoea.